Kuzalisha Kunde kwa Kufuata Rangi: Mwongozo Kamili wa Kuchavusha kwa Mkono

Msimu huu nimeulizwa swali moja na watu wengi mno: "Nilichavusha kunde nyeupe kwa chavua ya kunde nyeusi. Ganda likashika, likakua, likakauka. Nimelifungua, mbegu zote nyeupe kama za mama. Nimekosea wapi?" Wengine hawakungoja hata kuuliza. Mama mmoja alinieleza kwa uchungu kwamba alizichanganya mbegu zile na nyingine, akazipika.

Huenda hakuna aliyekosea. Walisoma rangi mahali pasipo pake.

Ngozi ya mbegu ya kunde ni mwili wa mama. Inatokana na ua lake, wala chavua ya baba haiigusi. Mtoto yuko ndani ya ngozi hiyo, na yeye rangi yake huionyesha akishaota. Kinachowapoteza watu ni mahindi. Ukipanda mahindi meupe jirani na ya njano, punje za njano hutokea kwenye gunzi lilelile la mwaka huohuo, kwa sababu njano ya mahindi imo katika unga wa punje, na unga huo una mchango wa baba. Kunde haziendi hivyo. Ukilishika hili, nusu ya kazi umeimaliza.

## Vifaa

Tafuta vyote kabla maua hayajaanza. Ua la kunde hufunguka alfajiri na adhuhuri limeshafunga, kwa hiyo hutapata muda wa kukimbilia dukani.

- Mbegu za aina mbili za kunde (namna ya kuzichagua iko Hatua ya 1)
- Ndoo au viroba vya lita 10, angalau sita kwa kila aina, vyenye matundu chini
- Kibano chenye ncha kali, kama kile cha kung'olea nyusi, lakini chembamba
- Sindano ya kushonea
- Spiriti na pamba
- Uzi wa rangi mbili tofauti
- Vipande vya plastiki ngumu vya kuandikia, na penseli. Wino hufutika kwa jua na maji, penseli hubaki.
- Vipande vya shashi au chandarua laini vya kufunikia maua
- Bahasha ndogo za karatasi
- Daftari
- Miwani ya kusomea au lenzi ya mkono, hata kama macho yako ni mazuri

## Hatua ya 1: Chagua wazazi kwa shina na ua, usitazame mbegu peke yake

Rangi ya zambarau kwenye kunde hutokana na antosianini, rangi ileile inayopaka biringanya, choya, kitunguu chekundu, hata majani ya baadhi ya bangi yakipigwa na baridi. Kwenye kunde hujitokeza sehemu nyingi: kwenye vifundo vya shina, chini ya kikonyo cha jani, kwenye petali, kwenye ncha ya ganda, kwenye ngozi ya mbegu.

Katika machotara mengi ya kunde, yaani watoto wa aina mbili tofauti, zambarau huushinda weupe. Mtoto akipata jeni (chembe ya urithi) ya zambarau kwa mzazi mmoja tu, naye hutoka na zambarau. Kanuni inayoshika mwongozo huu wote ni hii:

Mama awe wa kijani mtupu na maua meupe. Baba awe na zambarau shinani na kwenye maua.

Kwa mpango huo, mche wenye zambarau uliotoka kwenye ganda la mama huyo unakuambia kwamba chavua ya baba iliingia. Mche wa kijani ni wa mama kujichavusha mwenyewe, yaani mkono wako ulichelewa. Ukigeuza, mama akawa zambarau, miche yote itatoka zambarau na hutajua yupi chotara na yupi si chotara. Nimeona mtu akitunza miche arobaini kwa miezi miwili akiamini ni machotara, kumbe yote ni ya mama.

Kunde nyeupe zenye jicho mara nyingi huwa na maua meupe, na nyeusi au nyekundu iliyokolea mara nyingi huwa na maua ya zambarau. Nasema mara nyingi, maana si sheria. Panda uone ua lenyewe.

Tahadhari: kunde za sokoni ni mchanganyiko. Chukua mbegu za mmea mmoja tu, zipande kumi na tano hivi, uangalie kama zote zinafanana kwa shina, ua na mbegu. Zikitofautiana, chagua mmea mmoja tena urudie. Msimu huo si wa hasara. Ukianza na mzazi asiye safi, hesabu za Hatua ya 7 hazitakuwa na maana.

Dalili ya kufanikiwa: una mistari miwili ya mimea. Mmoja wote kijani na maua meupe, mwingine wote una alama za zambarau, na hakuna mmea ulioingia mstari wa mwenzake.

## Hatua ya 2: Panda kwa awamu ili maua yakutane

Kunde huanza kutoa maua wiki ya sita au ya saba, lakini aina hutofautiana kwa siku nyingi. Panda kila mzazi mara tatu, ukipisha siku kumi kila awamu. Awamu moja ya baba itakutana na awamu moja ya mama.

Samadi iwe kiasi. Ukiizidisha, kunde hufurahia majani na kusahau maua. Ndoo ziwe juani kutwa. Kama uko pwani, jipange maua yaje Juni au Julai, baada ya masika, joto likiwa limepungua. Maua yaliyoguswa kwa mkono huanguka kwa urahisi sana kwenye joto kali.

Angalia vidukari kwenye vichwa vya mashina kila asubuhi. Mmea ulionyonywa hautashika ganda hata uchavushe vizuri namna gani.

## Hatua ya 3: Jioni, ondoa chavua ya mama

Hapa ndipo mikono mingi inaposhindwa, basi twende polepole.

Kunde hujichavusha yenyewe. Vifuko vya chavua hupasuka usiku ua likiwa bado limefumba. Likifunguka alfajiri, kazi imeshafanyika. Ndiyo maana wanaoanza asubuhi kwa ua lililofunguka hupata mbegu za mama tupu. Unatakiwa uingie jioni ya kuamkia siku ambayo ua lingefunguka, kati ya saa 10 na saa 12.

Kulijua tumba la kesho. Kikonyo kirefu cha kunde hubeba matumba mawili mawili kwenye ncha. Tumba la kesho ni kubwa kuliko yote, limenenepa, na petali zimeanza kuchomoza nje ya kikombe cha kijani zikiwa na rangi ya maziwa au njano hafifu. Lile dogo la kijani ni la keshokutwa au zaidi. Kama huna hakika, siku moja kabla funga uzi kwenye matumba matano ya ukubwa tofauti, kisha alfajiri utazame lipi limefunguka. Jicho lako litajifunza kwa siku mbili.

Kati ya matumba utaona vivimbe vidogo vinavyotoa utamu, na sisimizi watakuwa hapo. Wapeperushe taratibu, usipulize dawa.

Kulifungua. Ua la kunde lina petali tano: moja kubwa ya nyuma, tuiite bendera, mbili za pembeni, mabawa, na mbili za chini zilizoshikana kama mtumbwi. Kila kitu cha uzazi kimelala ndani ya mtumbwi.

1. Pangusa kibano, sindano na vidole kwa spiriti. Ngoja vikauke kabisa.
2. Shika tumba kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, mgongo wa mtumbwi ukitazama juu.
3. Pitisha ncha ya sindano pale kingo za bendera zinapokutana. Fungua upande mmoja, ulaze chini, uushikilie kwa kidole gumba.
4. Laza na bawa la upande huohuo. Sasa mtumbwi unauona, mweupe, umepinda kama mwezi mwandamo.
5. Pasua mtumbwi pembeni kwa sindano, karibu na ncha lakini chini yake kidogo. Usiguse ncha yenyewe, maana stigma, sehemu ya mama inayopokea chavua, iko hapo.
6. Ndani utaona vijiti vyembamba vyenye vichwa vidogo, ndivyo vifuko vya chavua. Ni kumi: tisa vimeungana chini, kimoja kiko peke yake. Vitoe kimoja kimoja kwa kibano, ukihesabu kwa sauti hadi kumi. Kijiti kinachobaki, kirefu zaidi na chenye vinyweleo karibu na ncha, ni cha mama. Kiache.
7. Rudisha bawa na bendera mahali pake, zifunike kama zilivyokuwa.

Kuhesabu hadi kumi si mapambo. Kifuko kimoja kilichosahaulika kinatosha kujaza ganda zima mbegu za mama.

Tahadhari: tazama vichwa vya vijiti kabla ya kuvitoa. Vikiwa vizima na laini, uko ndani ya muda. Ukiona unga wa njano umeshamwagika, umechelewa. Kata tumba hilo, nenda kwa jingine. Usijaribu kuufuta.

Kwenye kikonyo hicho ondoa matumba mengine yote na maganda machanga, ubakize moja au mawili uliyoyashughulikia. Mmea hupeleka chakula kwa ganda lililotangulia, na lako litaangushwa kama lina wapinzani. Funga uzi wa rangi ya kwanza, kisha funika kwa shashi, maana nyuki weusi wakubwa hupenda maua ya kunde na huja mapema kuliko wewe.

## Hatua ya 4: Alfajiri, peleka chavua ya baba

Fika shambani saa 12 asubuhi, umalize kabla ya saa 3. Chuma ua la baba lililofunguka asubuhi hiyohiyo. La jana halifai.

Ng'oa bendera na mabawa ya ua la baba. Shika mtumbwi, uubonyeze kwa chini taratibu. Ncha yenye chavua itachomoza kama brashi ndogo iliyochovywa kwenye bizari. Hiyo ndiyo brashi yako. Huhitaji kununua nyingine.

Fungua tumba la mama, gusisha brashi hiyo kwenye stigma mara mbili tatu mpaka uone kwa lenzi unga wa njano umeganda juu yake. Funika tena. Ongeza uzi wa rangi ya pili na kibandiko, ukianza na mama: "Nyeupe-3 × Nyeusi-1, 14 Julai". Andika hayohayo kwenye daftari. Ua moja la baba linatosha maua matatu au manne ya mama.

Kama jioni ya kwanza mikono ilitetemeka na ukaharibu matumba yote, rudi kesho yake. Kunde hutoa maua kwa wiki kadhaa. Mimi nilianza kupata ganda siku ya nne, na hata sasa, siku njema, maua kumi hunipa maganda matatu au manne.

Dalili ya kufanikiwa: petali hunyauka siku hiyohiyo na kuanguka, lakini kijiti cha kijani kinabaki kwenye kikonyo. Siku ya tatu kimeshaanza kurefuka. Ua likianguka pamoja na kikonyo chake kidogo, halikushika.

## Hatua ya 5: Linda ganda mpaka likauke

Ganda la kuchavushwa kwa mkono mara nyingi ni fupi, lina mbegu chache, na pengine limepinda. Usilikatae. Mwagilia asubuhi, usiache ndoo ikauke hata siku moja. Kagua viwavi wanaotoboa maganda.

Baada ya wiki tatu hivi litakauka na kulia ukilitikisa. Livune siku hiyo, maana likipata joto hupasuka na kurusha mbegu. Kila ganda bahasha yake. Zikaushe kivulini, kisha uzitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, pamoja na majivu makavu, kwa sababu ya fukusi.

Na sasa ufungue macho yako kwa utulivu: mbegu zitafanana na za mama. Zinatakiwa zifanane na za mama. Usizitupe.

## Hatua ya 6: Panda, usome shina

Panda mbegu zako za ganda hilo siku moja, mahali pamoja, na mbegu tano za mama na tano za baba. Watu huruka jambo hili, na mimi nalishikilia kuliko mengine yote.

Sababu ni kwamba zambarau si lazima iwe ya kurithi. Baridi, jua kali na udongo wenye upungufu wa fosforasi huweza kuiamsha. Umeshaona mahindi machanga yamegeuka zambarau kwenye udongo uliochoka. Mbegu yake si ya zambarau. Upande wa pili, antosianini inahitaji mwanga. Mche uliokulia chini ya mwembe unaweza kuificha zambarau yake, nawe ukamdhania chotara kuwa mtoto wa mama peke yake. Mama na baba wakiwa hapohapo, kwenye udongo na jua lilelile, unalinganisha bila kubahatisha.

Siku ya saba hadi ya kumi tangu kuota, piga magoti utazame shina chini ya majani ya kwanza, kisha vifundo vya juu mmea ukikua.

- Mama wote kijani, baba wote zambarau, na mche wako una zambarau: huyo ni chotara. Mwekee kijiti.
- Mche wako kijani kama mama: mama alijichavusha. Ng'oa.
- Hata mama ameota na zambarau: mazingira yanadanganya, au mama hakuwa safi. Usiamue kwa shina, subiri ua.

Zambarau ya chotara inaweza kuwa hafifu kuliko ya baba. Hilo ni la kawaida.

Wakitoa maua, usiwaguse. Waache wajichavushe. Mbegu zao sasa ndizo zitakazobadilika: mmea wote utabeba mbegu za rangi moja, kwa kawaida iliyokolea, kwa sababu ngozi hizo ni za mwili wa chotara mwenyewe. Hii ndiyo siku ambayo waliotupa mbegu zao walikuwa wanaitafuta.

## Hatua ya 7: Kizazi cha pili, hesabu

Hapa rangi hupasuka. Panda mbegu za chotara mmoja, mmea mmoja mmoja, umbali wa sentimita 75, na uusimike kila mmoja mti wa kupandia. Kunde zikisukana, utavuna ganda la jirani ukidhani ni lako.

Tofauti haitatokea ndani ya ganda. Itatokea kati ya mmea na mmea. Huyu mbegu zake zote nyeusi, yule zote nyeupe, mwingine zina jicho au mabaka ambayo hakuna mzazi aliyekuwa nayo. Vuna kila mmea kwenye bahasha yake.

Upande mimea mingapi? Kama rangi inatawaliwa na jeni moja, mmoja kati ya wanne atarudi meupe. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata angalau mmoja, unahitaji mimea 11. Kwa asilimia 99, mimea 17. Ukitafuta mmea ulio na sifa mbili zilizojificha kwa pamoja, mmoja kati ya 16, utahitaji 47 kwa uhakika wa asilimia 95. Wengi hupanda sita wakakata tamaa.

Chukua mfano wa mimea 48. Kwa jeni moja ungetarajia 36 zambarau na 12 meupe. Ukipata 33 kwa 15, au 39 kwa 9, usihangaike, bahati huyumba hivyo. Lakini ukipata 27 kwa 21, simama. Hiyo ni tisa kwa saba: jeni mbili zinafanya kazi pamoja, na zote mbili zinahitajika ili zambarau itokee. Mmea mweupe hapo unaweza kuwa na kasoro ya jeni ya kwanza, ya pili, au zote. Ukija kuchavusha weupe wawili wa namna hiyo, wanaweza kukuzalia zambarau. Andika uwiano wako; utauhitaji.

## Hatua ya 8: Kuishikisha rangi

Meupe ni rahisi. Rangi iliyokuwa imejificha ikishaonekana, mmea hauna jeni ya kuishinda, na ukijichavusha utazaa meupe siku zote.

Zambarau na nyeusi ni kazi zaidi. Kati ya mimea mitatu ya zambarau, wawili wamebeba weupe ndani, mmoja tu ni safi, na kwa macho huwezi kuwatofautisha kwa hakika. Chagua mimea mizuri minane au kumi ya zambarau. Kutoka kila mmoja panda mbegu 16 kwenye mstari wake. Mstari ukitoa hata mmea mmoja wa maua meupe, uache wote. Mstari ambao wote kumi na sita ni zambarau ndio unaoubeba kwenda msimu unaofuata.

Na ninaposema mimea mizuri sisemi rangi. Kati ya mistari iliyo safi, angalia uliobeba maganda mengi, uliokomaa kwa pamoja, ambao majani yake hayakukunjamana kwa virusi, na ambao mboga yake ni laini kwa kuwa kwetu kunde huliwa kwanza majani. Niliwahi kuhifadhi kunde nyeusi ya kupendeza sana misimu mitatu, kisha nikaiacha, kwa sababu kila mvua ya mwisho iliozesha maganda yake shambani na jirani yake wa rangi ya udongo alisimama bila doa.

Ukitaka kuuza mbegu zako kwa wakulima kama aina mpya, sheria ya mbegu inakuhusu: Tanzania msimamizi ni TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, Kenya ni KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea. Kwa mbegu za shambani kwako endelea, ila usiache daftari.

Kila msimu, maua yakianza tu, pita kwenye mstari alfajiri kabla petali hazijafunga. Ua moja jeupe kati ya zambarau linaonekana toka mbali saa hiyo. Ng'oa mmea huo na mizizi yake.